Niliandika Kwamba Nitakuwa kwa Mama

Ndugu zangu, Bwana asifiwe asubuhi hii! Nasema asubuhi kwa sababu Mungu alinikuta asubuhi.

Mnaniona hapa Roret nikibeba majani chai mpaka kituo cha kuuzia, na wengine hamjui nilikuwa bondia wa kulipwa. Nilizaliwa kwenye kilima hiki, lakini miguu yangu haikutulia. Nimelala Chepilat, Nakuru, Chepseon, kila mahali nikikumbuka harufu ya chai mbichi ya kwetu. Na bado sikurudi. Miaka sita!

Nikapata pigano kubwa la ng'ambo, la kugombea mkanda. Kwa sheria za kupimwa dawa, nilipaswa kuandika nitakuwa wapi kila siku, na saa ambayo wapimaji wanaweza kunikuta bila kunipigia simu kwanza. Wakikukosa mara tatu ndani ya mwaka, unapigwa marufuku. Niliandika: nyumbani kwa mama, kila siku, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi. Uongo! Nilikuwa Chepseon, kocha wangu akinidunga sindano za nguvu.

"Wewe ni upepo," alinicheka. "Nani atashika upepo? Wakukose mara mbili, halafu dawa itakuwa imetoka mwilini."

Wakanikosa mara ya kwanza. Wakanikosa mara ya pili. Siku hiyo mama akanipigia simu.

"Wageni wako wamerudi tena. Si wanasema uliandika utakuwa hapa kila asubuhi?"

Kabla sijatunga uongo mwingine, akaendelea.

"Tangu waje ile mara ya kwanza, nakuwekea chai. Wewe ukiandika, mimi naamini. Lakini inapoa, naimaliza mimi. Nimechoka kunywa vikombe viwili! Unakuja, ama niache?"

Ndugu zangu, nimepigwa ngumi nyingi. Hakuna iliyonifikia kama hiyo.

Kocha alisema nikienda, pigano limekwisha. Nilienda. Asubuhi ya nne, tukiwa mezani, gari likasimama nje. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na michai yetu huko nje inafika kiunoni; ningeinama kidogo tu, nisingeonekana. Na dawa nilijua bado iko mwilini. Nilisema moyoni, "Bwana, nishike miguu." Akaishika! Nikafungua mlango wa mbele, nikawapa mkojo wao, na kabla hawajafunga chupa nikawaambia kila kitu.

Nilipigwa marufuku miaka minne. Pigano lilienda kwa mwingine, na kwa umri wangu hakukuwa na kurudi ulingoni. Nililia, sitawadanganya. Hata leo nikisikia mtu akigonga gunia la ndondi, mwili unashtuka. Lakini nililala nikijua niko wapi, na aliyenizaa anajua.

Namshukuru Mungu aliyenifungua, si kutoka kwa sindano peke yake, bali pia kutoka kwa kukimbia. Na wewe, kama kuna mahali ulisema utakuwa na haupo, nenda. Mwamini Bwana, hata ukweli ukikugharimu mkanda. Kuna mtu amekuwekea kikombe.

Mama yuko pale nyuma, mumuulize. Siku hizi anakunywa kimoja.