Everett Grindle na Barabara Tatu za Hadlow

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Everett Grindle atarudisha funguo za karakana ya Idara ya Barabara ya mji wa Hadlow, baada ya miaka thelathini na minane ya kusukuma theluji, kuziba mashimo na kupaka rangi vibao. Alikuja kwetu akitokea mji mwingine, upande wa juu wa mto, msimu wa majani kupukutika. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwajiri kwa sababu mbili: alijua kuendesha gari zito, na hakuwa mtu wa ukoo wa Hadlow.

Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Katika mji huu ukirusha jiwe bila kulenga utampiga Hadlow, au jiwe litaangukia mahali panapoitwa Hadlow. Tuna Ziwa Hadlow, Kilima cha Hadlow, Hadlow Chini, na Kinamasi cha Hadlow ambacho hakuna tawi la ukoo linalokidai. Tulikuwa na Josiah Hadlow aliyejenga kinu cha mbao. Mercy Hadlow, mkunga, aliyewapokea nusu ya babu zetu. Na Asa Hadlow, aliyekaa miaka mingi katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Maine na kusimama kusema mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe. Kila mmoja wao alipewa barabara yenye jina lake la ukoo, Josiah kinuni, Mercy ziwani, Asa kilimani, enzi hizo tukiwa vijiji vitatu visivyosalimiana. Vijiji vilipoungana, hakuna kilichokubali kuacha jina. Tukawa na Barabara ya Hadlow ya kinu, Barabara ya Hadlow ya ziwa, na Barabara ya Hadlow ya kilima. Ni mtu asiye wa ukoo pekee aliyeweza kupaka rangi vibao vyote vitatu bila kushukiwa kwamba cha kwao amekipaka mara mbili.

Everett alipenda zaidi asubuhi za Aprili, ukungu unapopanda kutoka ziwani na kuumeza mji hadi mnara wa kanisa. Gari lake lilikwenda polepole, kana kwamba linapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Kibao kilijitokeza kando ya njia kama mtu anayengoja lifti, kikasimama kidogo, kisha kikarudi kwenye weupe.

"Asubuhi kama hizi huwa nawapungia mkono," alimwambia siku moja Lorraine Bagley, mpishi mkuu wa chakula cha Jumamosi kanisani.

"Unawapungia akina nani?"

"Mercy. Josiah naye. Asa simpungii, hajibu."

Lorraine alimshauri apunguze kahawa.

Hakupunguza. Msimu mmoja wa baridi alilifukia kwa theluji gari la mwenyekiti wa halmashauri, lililoegeshwa vibaya kwa mara ya kumi, akasimika juu yake kibao kizuri chenye herufi nyeupe: Kilima Kipya cha Hadlow. Mwenyekiti alikichukua kibao hicho kwake, na hadi leo kinaning'inia juu ya meko yake.

Lakini kazi anayokumbukwa kwayo ilianza na jambo lisilochekesha. Miaka minne iliyopita, mwezi Februari, Lyle Hadlow wa barabara ya ziwa alishikwa na maumivu makali ya kifua. Mkewe Verna, mjukuu wa Mercy, aliita gari la wagonjwa, ambalo hutoka mji wa jirani. Gari lilikwenda kilimani. Likashuka hadi kinuni. Lilifika ziwani mwisho. Lyle alifika hospitali akiwa hai, lakini hakurudi nyumbani.

Ofisi ya jimbo inayoshughulikia simu za dharura ikatoa agizo: barabara moja tu ibaki na jina la Hadlow, na zile mbili ziwe na majina mengine kabla ya Aprili. Verna, aliyebaki peke yake na moyo wake mwenyewe si mzima, alitaka jina libaki ziwani. "Nikianguka mimi," alisema mkutanoni, "nani atakayekuwa amesimama njia panda kuwaambia ni Hadlow ipi?" Watu wa kinu na wa kilima walimwonea huruma, lakini nao wana mioyo, na hawakulegeza kamba.

Mambo kama haya hapa huamuliwa kwa maharage. Kila nyumba huleta kikombe kimoja cha maharage ya rangi inayoichagua na kukimimina katika chungu kikubwa cha buluu. Safari hii meupe yalikuwa ya kinu, mekundu ya ziwa, ya madoa ya kilima. Yakishachambuliwa na kupimwa, maharage huenda jikoni, maana hatutupi chakula kwa sababu ya siasa. Mchambuzi alikuwa Everett, tena kwa sababu ileile ya kutokuwa Hadlow. Ijumaa ya kuhesabu, theluji ilianguka kabla hajaanza. Akakiacha chungu kwenye meza ya jikoni ya kanisa na kwenda kusukuma theluji.

Lorraine aliingia, akakiona chungu mahali ambapo chungu kilichokwisha kuhesabiwa huwekwa, akayaloweka maharage. Jumamosi aliyaoka kwa molasi na nyama ya nguruwe ya chumvi. Everett alifika amechoka, akaketi, akala nusu sahani, kisha kijiko kikasimama hewani.

"Lorraine, yale maharage ya chungu cha buluu yako wapi?"

"Unayatafuna, Ev."

Vijiko vilitua kote ukumbini. Kisha mzee mmoja wa kilimani akainua sahani yake na kutangaza kwamba yeye amepata ya madoa mengi kuliko yote, kwa hiyo wameshinda. "Umeyachagua wewe, mchoyo!" alijibiwa na meza ya kinu. "Rudia kupakua tuone!" Everett alisimama na kusema kosa ni lake, Lorraine asiguswe. Mtu akapendekeza kura irudiwe. Lorraine alisema atakayeingiza tena chungu kile jikoni mwake ataosha vyombo mwaka mzima. Katika kelele zote hizo Verna alivaa koti lake na kwenda nyumbani.

Kesho yake mchana Everett alimfuata nyumbani kwake. Theluji ilikuwa inayeyuka, na ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa hata haikujulikana barafu inaishia wapi. Walikunywa chai jikoni. Alimweleza alichokuwa akikifikiria akiwa njiani: barabara yoyote isibaki na jina la Hadlow. Kila moja ichukue jina la mtu wake. Kama yeye aliyepoteza zaidi ya wote angekubali, wengine wangeona aibu kukataa.

"Nimelipigania jina hili, na sasa unaniomba nilitupe mwenyewe," Verna alisema.

"Nakuomba gari lifike."

Verna aliangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuona. "Andika Mercy," alisema mwishowe. "Akina Hadlow tumejaa. Mercy alikuwa mmoja tu."

Jumatatu watu wa kinu walikubali Josiah. Watu wa kilima walikubali Asa, bila kusema neno. Everett alivipaka vibao vitatu na kuvisimika mwenyewe.

Novemba iliyopita, alfajiri, Verna aliteleza kwenye ngazi ya banda la kuni akavunjika nyonga. Alijiburuta hadi kwenye simu na kusema maneno matatu tu kuhusu mahali alipo: Barabara ya Mercy. Ukungu ulikuwa mzito. Dereva wa gari la wagonjwa hakuwahi kukanyaga Hadlow maisha yake, na hakumpata mtu wa kumuuliza. Kibao kilimjia kutoka kwenye weupe, akakata kona. Mgonjwa alimpokea kwa kumwambia avue viatu, maana sakafu imetoka kupigwa deki.

Everett, kwa barabara zilizokuwa wazi kabla hatujaamka, na kwa rangi isiyobanduka, Idara na mji mzima tunakushukuru. Mpumzike wewe na mkeo, Bibi Grindle, na theluji ijayo uitazame ukiwa dirishani, kikombe mkononi, ikiwa ni kazi ya mtu mwingine.

Verna anatembea kwa fimbo, na Ijumaa ataketi meza ya mbele kwenye karamu ya kumuaga Everett. Jarida hili la mji lilimuuliza angependa kumtakia nini mstaafu. Alifikiri kidogo. "Mwambieni alale vizuri," alisema. "Mimi nalala."