Mama Berthe Kavuo na Dawa Isiyogawanywa

Tarehe 31 Desemba 2002, Mama Berthe Kavuo anakabidhi ufunguo wa chumba cha dawa, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza kazi Beni akiwa muuguzi kijana, kisha akahamia Butembo, na tangu hapo dirisha la dawa la hospitali yetu limekuwa na sura moja tu. Wagonjwa hawasemi kwamba wanakwenda kuchukua dawa. Husema wanakwenda kwa Mama Berthe.

Utaratibu wake tunaujua sote. Hakuna aliyeondoka dirishani kabla ya kurudia kwa kinywa chake mwenyewe yale aliyoelezwa. Mfanyabiashara mmoja mwenye maghala mjini alirudishwa nyuma ya foleni mara tatu, kwa kuwa kila alipoulizwa alijibu tu ndiyo, ndiyo. Mara ya nne alieleza sawasawa, na Krismasi ilipofika akamletea Mama Berthe jogoo. Hata askari, ambao katika vita hivi wamekuja na kuondoka chini ya majina mengi, walipogonga mlango wa chumba cha dawa aliwauliza kwanza iko wapi karatasi ya daktari. Baadhi yao walikwenda kweli kuitafuta.

Lakini tukiulizwa kazi yake ilikuwa nini hasa, tutasimulia habari za Melchior Kamate, seremala wa hospitali yetu.

Miaka miwili iliyopita Melchior alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kazini, randa mkononi. Mungu alimsaidia, akapona. Daktari alimwandikia aspirini ya kipimo kidogo, ile ya kuzuia damu isigandane ndani ya mishipa ya moyo, ameze kila siku. Mama Berthe alimweleza mambo yote: ale kwanza, ndipo ameze kwa maji, akisahau leo, asimeze mara mbili kesho, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe hata akijisikia mzima, asiichanganye na vidonge vya maumivu vya sokoni, na siku atakapotaka kung'olewa jino, mng'oaji ajue kwanza. Melchior aliyarudia yote bila kosa. Jambo moja tu halikutajwa, kwa kuwa hakuna aliyelifikiria.

Wakati huo nyumba nyingi za Butembo zilijaa wageni waliokimbia vita. Kwa Melchior alikuwa amefika Mzee Zorobabel, kaka mkubwa wa mke wake Joyeuse, kutoka Kamango, pamoja na wazee wengine wawili wa ukoo. Walilala walipopata nafasi, wakala sahani moja.

Kabla mwezi haujaisha, Melchior alirudi dirishani kuomba dawa nyingine. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa na dawa zilikuwa chache. Mwingine angedhani ameziuza. Mama Berthe alimpa kigoda akae, akamuuliza polepole, naye akasema kweli. Kila asubuhi, baada ya sala, alikuwa akimpa kila mzee kidonge kimoja. Wote walikuwa wameona mambo mazito njiani, na ile ilikuwa dawa ya moyo. Sasa zilikuwa zimekwisha, na yeye mwenyewe alikuwa na siku kadhaa bila kumeza.

"Mama, nameza mimi peke, na bageni banaangalia?" alisema. "Ni haya."

Mama Berthe hakumkemea. Aliuliza kwanza wale wazee wanaendeleaje. Wawili walikuwa wazima. Zorobabel, ambaye tangu zamani alikuwa na vidonda vya tumbo, alikuwa akilalamika, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Kusikia hivyo, Mama Berthe alifunga dirisha saa za kazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akapanda pikipiki nyuma ya dereva akiwa na sketi yake ya kazi. Alimkuta mzee amelala mkekani, jasho baridi usoni, midomo imepauka. Damu ilikuwa ikimtoka tumboni polepole, na dawa ile ile iliyomlinda mwenye nyumba ilikuwa ikiizuia isikome.

Wanaume wa mtaa walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi hospitali. Damu ya dada yake Joyeuse ilifaa, akamtolea. Kwa muda hatukujua kama ataamka. Melchior alikaa nje ya wodi, kofia mikononi, akiwa na hakika kwamba amemuua shemeji yake kwa ukarimu. Mama Berthe alikaa karibu naye, akamletea ndizi na uji, na alipokwisha kula akampa kidonge chake, kutoka katika akiba ndogo aliyoruhusiwa na daktari.

"Papa Melchior," alimwambia, "chakula gawanya, kitanda gawanya. Lakini hii daktari aliandika juu ya mwili yako. Lunettes ya macho yako, utaivalisha nyumba muzima?"

Zorobabel alipona. Siku ya kuondoka wodini, Mama Berthe aliwaita wote, akampa yeye pakiti ya Melchior mbele ya watu. Hakuruhusiwa kumeza hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mwenye dawa amekula na amemeza. Hivyo wageni hawakuachwa wakiangalia tu. Walipewa sehemu yao. Tangu siku hiyo majirani wanamsikia kila asubuhi mzee wa Kamango, Mprotestanti wa zamani, akimhubiria shemeji yake Mkatoliki:

"Shemeki, meza. Ukikufa, mimi nitalala wapi?"

Asubuhi moja risasi zililia karibu na mtaa, watu wakakimbilia mashambani. Joyeuse alibeba sufuria, Melchior alibeba mjukuu, na Zorobabel alibeba dawa, imefungwa katika nailoni ndani ya koti lake. Walirudi wamechoka na wamelowa, lakini Melchior hakuwa amekosa hata siku moja. Tangu hapo, swali jipya liliongezwa dirishani, na kila mgonjwa wa moyo hulijibu: je, mkikimbia, nani anaibeba?

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, Mama Berthe alishika ukingo wa dirisha lake. Kifua kilikuwa kimembana, na maumivu yalishuka mkono wa kushoto. Daktari alimwandikia dawa ile ile na kumshauri apumzike. Ndiyo sababu tunamuaga mapema kuliko tulivyotaka. Tuseme pia ukweli wote: huyu aliyetufundisha sote amekuwa mgonjwa mgumu. Anaamka, anaanza kufagia, anasahau chai, na kidonge kinangoja.

Lakini hayuko peke yake. Kila asubuhi, Melchior na Zorobabel wanapita kwake. Melchior amemtengenezea kiti chenye mgongo mrefu, na hawaondoki mpaka ameketi humo na amekula. Kisha mzee wa Kamango humnyoshea kikombe cha maji.

"Mama, meza. Ukikufa, nani atatukaripia?"

Naye, tunaambiwa, hurudia maelekezo yote kwa kinywa chake mwenyewe, kama sheria inavyotaka, ndipo anameza.

Mama Berthe, tunakushukuru kwa miaka yote hiyo dirishani. Hospitali nzima inakuombea siku nyingi na za amani. Keti katika kiti chako. Ule kwanza, ndipo umeze.