Mwalimu Aliyerudi Kuuliza Upya

Ndugu waombolezaji, haya anayoyasoma mdogo wake marehemu kwa niaba ya familia yameandikwa jana, maana hadi Jumanne asubuhi hakuna aliyewaza kuyaandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1963, binti pekee wa fundi cherehani na mama muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na shangazi zake wanasema alikuwa mtoto wa maswali, akiambiwa mvua itanyesha huuliza nani kasema.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya bweni, akahitimu sayansi ya siasa chuo kikuu mwaka 1987, na tarehe 3 Oktoba 1988 akaajiriwa hapo hapo chuoni kufundisha mbinu za utafiti, somo ambalo wanafunzi walilikimbia kama ukoma, kwani walikuja kujifunza kubishana juu ya serikali, wakakutana na mwanamke mfupi mwenye chaki anayewauliza umejuaje kila wafunguapo mdomo, wakambandika jina la Mama Umejuaje, naye akalipokea kwa kicheko.

Tarehe 22 Aprili 1989 alifunga ndoa na karani wa maktaba ya chuo, ambaye siku ya kumposa alimwambia hajawahi kuona mwanamke kama yeye, akaulizwa amewaona wangapi, na wakajaliwa binti mwaka 1990, sasa muuguzi, na mwana mwaka 1994, sasa fundi umeme.

Mwaka 1997 alichapisha utafiti uliompa sifa, ulioonyesha kuwa wakazi wa mitaa ya bondeni karibu wote waliridhika na viongozi wao, lakini uchaguzi ulipokuja wakawaangusha viongozi hao wote, na wenzake walipotafuta visingizio yeye alichukua dodoso zilezile mwezi Februari 1999, akarudi nyumba kwa nyumba, safari hii peke yake, hadi mama mmoja mfua nguo alipomwambia bila kuinua macho kwenye beseni, “Mwalimu, mara ile ulikuja na mwenyekiti wa mtaa, ulitaka nikujibu nini?”

Alirudi nyumbani, na siku ya tatu akaliandikia jarida lililochapisha utafiti ule kwamba matokeo yake hayakuwa ya kweli na kosa ni lake, mkuu wa idara akamsihi aifiche barua ile kwani uprofesa ulikuwa mlangoni, akakataa, uprofesa ukapita, akabaki mhadhiri mwandamizi miaka ishirini na mitano, na kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa kosa hilo, alilisimulia mwenyewe, bila kujitetea.

Kuhusu kuugua, familia haina la kusoma, kwa sababu hakuugua, Jumanne tarehe 14 Mei 2024 alikunywa chai, akamkumbusha mumewe kuchukua miwani kwa fundi, akaenda darasani, na saa nne na dakika kumi akaandika ubaoni kwamba mambo mawili yakitokea pamoja haina maana kuwa, na kabla hajaimaliza sentensi chaki ikaanguka, naye akaanguka, wanafunzi wakambeba mikononi hadi hospitali, na saa sita kasorobo madaktari wakasema mshipa wa kichwani umepasuka, amekwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana bila kukata tamaa, majirani waliolala sakafuni kwetu siku nne, wahadhiri wenzake, na wanafunzi waliombeba, ambao wamekataa ubao ule kufutwa.

Shemeji yetu, mumewe, ameomba isemwe kwamba leo asubuhi, kwa mazoea, alimpigia marehemu simu kumwambia miwani iko tayari, ikaita ndani ya kabati, akaisikiliza mpaka ikakatika.

Lala salama, dada, upumzike kwa utulivu.