Mzee Wazima Anafunga Daftari la Panya

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha wanyama cha maabara yetu, mwenzetu tunayemwita Mzee Wazima anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni.

Jina hilo alijipa bila kujua. Kila asubuhi alihesabu panya kizimba kwa kizimba, kisha akaandika daftarini: "Wazima ishirini na wanne." Mkuu wa maabara alipomwomba aandike "hai" kama watu wengine, alimjibu kwamba hata mahututi yuko hai.

Ndiye aliyetufundisha kumshika panya bila kung'atwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzito, na kidole changu ni shahidi.

Miaka sita iliyopita tulianza kujaribu dawa ya kuzuia kimeng'enya kinachochochea kinga ya mwili, ili kinga ya panya iache kushambulia viungo vyao wenyewe. Mzee aliifuatilia kazi hiyo kuliko sisi, maana binti yake kitinda mimba anaugua hivyo hivyo: kinga yake inashambulia figo zake. Uvimbe wa panya ulishuka, wakanenepa, tukapongezana.

Mwaka jana aliingia ofisini kwangu hajavua hata glavu. Alikiri kwamba panya waliopewa dawa walikuwa wanyonge, akawahurumia, akawa anawalowekea chakula na kuwabadilishia matandiko kila siku badala ya kila wiki. Alipokuwa akifanya hivyo hakujua kwamba anaharibu jaribio; alipotambua, alikuja kusema.

Tukarudia, safari hii bila huruma. Dawa ilizima kimeng'enya, ikazima na kinga yote. Vijidudu vya kawaida tu vya kwenye matandiko viliwamaliza panya kwa wiki tatu. Mzee aliwahesabu mwenyewe hadi wa mwisho, kwa mwandiko uleule.

Angenyamaza, dawa ingemfikia binti yake na kumuua. Amesema, na sasa hakuna dawa. Mradi umefungwa. Ningetamani kuandika hapa kwamba kuna matumaini, lakini sina, na yeye hajawahi kuniruhusu niandike nisichokiona.

Jana vizimba vilikuwa vitupu. Aliandika tarehe, akaandika "Wazima", akakaa na kalamu mkononi, kisha akafunga daftari.

Mzee wetu, asante kwa kusema kweli iliyokuumiza. Tunakutakia asubuhi nyingi za kuchungulia chumba cha binti yako, na kila asubuhi uandike, hata kwenye kikaratasi: mzima mmoja.