Mungu Alivyoniokoa na Chokaa Yangu

Bwana apewe sifa! Nyie wa nyuma kule sijawasikia. Bwana apewe sifa! Eeh, hapo sawa. Mchungaji kanipa dakika chache tu, maana ananijua mdomo wangu.

Ndugu zangu, wengi mnanifahamu. Mimi ndiye Baba Eliza, yule mpaka chokaa. Mawe meupe yote yaliyopangwa kando ya njia kutoka barabarani mpaka mlangoni hapa kanisani ni kazi ya mkono wangu. Shule niliishia katikati, lakini kulipaka jiwe likang'aa, hapo nina digrii. Nikiona jiwe halijapakwa, naliona kama mtu aliyekuja ibadani bila shati.

Sasa leo nashuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na hiyo hiyo chokaa.

Mke wangu, Mama Eliza, yule pale wa kitenge cha bluu, ni mjamzito. Baada ya Eliza tulisubiri mtoto mwingine mpaka watu wakachoka kutuuliza. Lakini alipoenda kliniki wakampima, wakasema damu ni kidogo mno. Nesi akamvuta jicho hapa chini, akaniita na mimi nitazame. Peupe! Akampa vidonge, halafu akaniambia, "Baba, na mboga za majani ale kila siku. Damu isipopanda hatajifungulia hapa Mpanda, tutampa rufaa aende mbali." Ndugu zangu! Mimi ninavyompenda yule mama! Na bila yeye hata soksi zangu sijui zilipo.

Na ilikuwa kiangazi kikali. Mchicha wa sokoni unafika umelala, utadhani umetembea kwa miguu kutoka Kasekese. Bustani yetu ya bondeni ni mbali, na yeye akitembea kidogo anashikwa na kizunguzungu. Nikasema basi, mboga zitamfuata mke wangu mlangoni.

Kuna dada mmoja anauza vifaranga vya samaki, tulikutana kwenye semina ya wakulima. Ndiye aliyenifundisha bustani ya samaki na mboga. Unakuwa na tanki la perege. Perege wanakula, halafu, samahani Mchungaji, wanakunya. Yale maji yanavutwa na pampu ndogo ya sola, yanapanda kwenye boksi lililojaa mawe. Mboga zimeota humo kwenye mawe, hakuna udongo. Zinakula ule uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Mungu ni fundi!

Dada alisema nitafute mawe ya mtoni, niyaoshe. Nilimsikia kabisa. Lakini hapa kanisani tulikuwa tumemwaga zege njia ya pembeni, mawe yangu ya zamani yamerundikwa, na Mchungaji akasema anayetaka abebe. Nikajiambia, haya mawe yamesikia mahubiri miaka yote! Mchicha utakaoota hapo si utanena kwa lugha? Nikabeba. Nikayapanga kwenye boksi, na yale ya juu nikayapiga koti jipya la chokaa, ili mke wangu akifungua mlango aone kitu cheupe moyo ufurahi.

Mchicha ukaota. Tukashangilia. Halafu ukaanza kuugua.

Majani machanga ndiyo yaliyotangulia. Yakawa ya njano, ila mishipa yake imebaki kijani, kama mtu kachora ramani. Mke wangu akavuta kigoda, akachuma jani moja, akaliweka kwenye kiganja chake. Kiganja chenyewe kimepauka. Akacheka, akasema, "Baba Eliza, mboga yako na mimi tuna ugonjwa mmoja."

Nilicheka na mimi. Halafu nikazunguka nyuma ya choo nikalia.

Ndugu zangu, nilipigana! Niliuwekea mikono ule mchicha. Nilikemea roho ya njano mpaka jirani akachungulia juu ya ua, akauliza, "Baba Eliza, kuna mgeni?" Nikamwambia hapana, ni mboga. Nikatupa misumari yenye kutu kwenye maji, maana nesi alisema damu inataka madini ya chuma, nikaona na mboga zipate chuma chake. Wapi! Nikampigia mama mkwe kule Kasansa. Akasema, "Mkwe wangu, weka majivu. Sisi mchicha wetu wote tunauwekea majivu." Nyie, mama mkwe akikuambia weka majivu, utasema nini? Niliweka. Niliweka kama mtu anayetafuta baraka za ndoa upya.

Njano ikazidi.

Kisha akina mama wa kanisa wakatuma habari kwamba kesho wanakuja kumwombea mke wangu. Wageni! Na mawe yangu yameshaingia ukungu! Nikachanganya chokaa, nikapaka boksi lote upya. Lilimeta hilo, mpaka kuku wakawa wanapita kwa heshima.

Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, nakuta perege wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema kama wanakwaya waliopandishiwa ufunguo. Wengine wamelala ubavu, wamekufa. Nikakaa chini pale pale. Akina mama walipofika hawakujua waanze kumwombea nani.

Walipoondoka, mke wangu akaja kukaa karibu yangu. Mimba hii imempa hamu ya ndimu, analamba na chumvi kutwa. Anakamua ndimu yake, ananipa pole, tone likaanguka kwenye jiwe. Jiwe likatoa povu! Shwiiii!

Mimi nikaruka. "Toka! Kwa jina la Yesu, toka kwenye hilo jiwe!"

Mke wangu hata hakutikisika. Akadondosha tone lingine. Povu. Akasogelea jiwe la pili. Povu. Akaniangalia. "Baba Eliza, acha kukemea. Hii si chokaa yako? Mpigie yule dada."

Nikampigia. Nikasimulia yote. Kisha akauliza, "Kaka, umewapaka samaki chokaa?"

"Siyo samaki, mawe yao. Na yanapendeza!"

"Na majivu je?"

"Hayo ni ya mama mkwe."

Alicheka yule dada mpaka akakohoa. Alipotulia akanieleza vizuri. Chokaa na majivu vyote vinayaondolea maji uchachu. Yakishakuwa hivyo, chuma kinaweza kuwemo tele lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Ndiyo maana jani changa linakuwa njano na mishipa inabaki kijani. Na kwa samaki, uchafu wao wenyewe unageuka sumu kali. Akasema, "Toa mawe yote leo. Maji badilisha kidogo kidogo, siyo yote kwa mkupuo, utawamalizia. Chakula punguza mpaka watulie. Na kila jiwe jipya lipime kwa ndimu. Likitoa povu, usiliweke."

Vijana wa kwaya, Mungu awabariki, walinisombea mawe ya mtoni kutoka njia ya Kabungu. Mke wangu akakaa kwenye kigoda na ndimu zake kama mkaguzi wa serikali. "Hili lipite. Hilo rudisha. Na wewe Baba Eliza, ndoo ya chokaa peleka mbali na macho yangu."

Ndugu zangu, yale majani ya njano hayakupona, tuliyang'oa. Lakini yaliyochipua baada ya hapo! Kijani mpaka yanakaribia weusi! Perege waliobaki wakaanza kurukia chakula. Mke wangu akala mchicha asubuhi, akala jioni, na vidonge vyake hakuacha. Juzi tumerudi kliniki. Nesi akavuta lile jicho, akaniita nitazame. Pekundu! Damu imepanda! Atajifungulia hapa hapa Mpanda!

Mama mkwe mpaka leo anajua ni majivu yake. Atakayemwambia, tutaonana.

Niliomba Mungu atume moto, akatuma ndimu. Nilitaka muujiza wa kishindo, na Yeye alishaweka jibu mkononi mwa mke wangu, ananipa pole huku anakamua. Na wewe uliye na kitu kinanyauka nyumbani, mwamini Mungu, omba, lakini ukishaomba fungua macho, piga simu, uliza watu. Msaada wake unapita kwa watu walio karibu nawe. Mwamini, hajamwacha mtu.

Nilitaka mke wangu asimame mmwone. Anatikisa kichwa, anasema miguu imevimba. Basi kaa, mama. Kaa tu. Nyie wengine wote simameni, mmshangilie Mungu kwa niaba yake!