Kibao cha Mpingo Mbele ya Kiti cha Mama

Sifa na utukufu kwa Bwana, wapendwa! Naomba mnivumilie. Nimeambiwa nije nishuhudie, nami nimekuja, lakini nawaambia mapema kwamba nimechanganyikiwa. Wengine husimama hapa wakijua Mungu amewatendea nini. Mie najua amenitendea, ila kila nikianza kumshukuru najikuta namwuliza maswali.

Ndugu zangu, mnanijua. Ni mwalimu, nakaa Temeke, na kale kagari kangu mlikaombea wenyewe hapo nje siku niliyokanunua. Aliyeniuzia alinisifia kwamba kana eabegi mbili, ile mifuko ya hewa ya kukukinga ukipata ajali: mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye dashibodi mbele ya abiria. Nilifurahi! Basi siku moja niko kwenye foleni Mwenge, pikapu ikanigonga kwa nyuma. Buti likakunjika, shingo ikaniuma wiki nzima. Eabegi? Kimya. Hata moja haikufunguka. Nikasema nimepigwa, haya ni mapambo tu.

Kwa hasira nikaenda palepale Mwenge kwa wachonga vinyago, nikanunua kibao cha mpingo, kizito, kimechongwa "Gari hili ni la Bwana". Nikakibandika kwa gundi ya mbao kwenye dashibodi, palepale juu ya kifuniko kilichoandikwa eabegi. Kama mfuko wao haufanyi kazi, Bwana anafanya! Na wengi wenu mlikisifia, msijifanye mmesahau. Kuna waliokwenda kununua vyao.

Nyuma ya kibao hicho ndipo alipokuwa anakaa mama yangu mzazi, kila Jumapili. Kiti cha mbele ni cha mzazi, sie hatuwezi kumpandisha mama nyuma kama mzigo.

Sasa mwezi uliopita tukaenda Keko, kwa mafundi wa samani, kumchukulia dresingi tebo yake. Meza ikatangulia kwa guta la mizigo, kioo chake tukakiviringisha blanketi, tukakiweka kiti cha nyuma. Namfungulia mama mlango wa mbele, hataki! "Mie nakaa na kioo changu. Wewe unaendesha unawaza mengine, utanivunjia." Nilimbembeleza, ndugu zangu. Nikamwambia, "Mama, watu watanionaje? Kiti cha mbele kitupu, mzazi yuko nyuma?" Akasema, "Hao watu hawajanunua kioo." Akaingia nyuma, akafunga mkanda huku analalamika unambana, tukaondoka nimenuna.

Hatukufika mbali. Lori la mbao lililokuwa mbele yangu likafunga breki ghafla, nami nikalivaa. Nikasikia mlipuko! Kitu cheupe usoni, vumbi, harufu kama ya baruti. Nikadhani gari linawaka. Nikapiga kelele, "Yesu! Yesu!" na sauti yangu mwenyewe siisikii. Nilipofumbua macho, ile mifuko yote miwili inaning'inia imenywea, mikono yangu imechubuka, na nyuma mama anauliza, "Kioo changu kimepasuka?" Kilikuwa kimepasuka, wapendwa, humo humo ndani ya blanketi. Yeye aliumia goti tu.

Ndipo nikageukia kiti cha mbele. Kibao kilikuwa kimezama kwenye egemeo la kichwa. Kimechana kitambaa, kimeingia mpaka kwenye sponji. Pale pale ambapo uso wa mama yangu unakuwaga!

Shemeji yangu anafundisha ufundi wa magari. Nikamwuliza, mbona kule Mwenge zilikataa, na huku imefunguka hata ya kiti kitupu? Alinieleza na kurudia, maana sikuwa naelewa. Anasema kuna kifaa kinachohisi gari likisimama kwa kishindo. Ukigongwa kwa nyuma, mwili unasukumwa kwenye kiti, mfuko wa mbele hauna kazi. Ukigonga wewe kwa mbele, kwa nguvu, kinawasha kitu humo ndani, gesi inajaza mfuko kabla hujapepesa jicho, nao unapasua kifuniko chake na kutoka, halafu unanywea wenyewe. Mkanda ndio unaokushika, mfuko unasaidia. Na gari langu ni la zamani, halijui kama kitini kuna mtu. Chochote kilichobandikwa juu ya kifuniko hicho, anasema, kinarushwa kama jiwe la manati.

Haleluya? Kuna dada hapa aliniambia nikilete kibao madhabahuni, eti kilituokoa. Dada yangu, nakupenda, lakini kibao kile kingemuua mama! Kimeandikwa jina la Bwana, na kingemuua. Nilikibandika kwa imani. Nilimsihi mama akae mbele kwa heshima. Kumbe nilikuwa nampeleka kaburini, na aliyemzuia ni yeye mwenyewe na ubishi wake wa kioo. Nimemwuliza Mungu, ulikuwa wapi hapo? Kwenye mfuko uliopokea uso wangu, au kwenye kichwa kigumu cha mama? Sijajibiwa. Lakini nashukuru! Nashukuru nikiwa sielewi. Na kama kuna mtu hapa anangoja aelewe kwanza ndipo amtumaini Bwana, asingoje, aje hivi hivi na maswali yake, mwenzake nipo.

Ibada ikiisha, twendeni wote kwenye magari, tukabandue vibao vyetu.

Mama, simama. Inuka, mama, wakuone uso.