Jagi Moja kwa Mabeseni Yote: Maisha ya Baba Yetu

Baba yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi cherehani. Alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, na bibi alipenda kusema kwamba tangu hapo hakuwahi kuchelewa popote.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka 1973 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Darasani alikuwa wa katikati, ila kwa unadhifu hakuwa na mpinzani.

Mwaka huohuo aliajiriwa chuo kikuu, idara ya wanyama, akatumika miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kulea viluwiluwi, watoto wa vyura, kwa ajili ya utafiti. Wanafunzi walimwita Mzee Chura. Alinuna, lakini aliitika.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto wanne. Mimi ndimi kitindamimba. Nasema bila kuficha: tulimwogopa. Hakumpiga mtu, lakini jicho lake lilitosha. Mwaka 1995 kaka yetu mkubwa, akiwa na miaka kumi na minane, aliondoka nyumbani akisema harudi.

Mwaka 1997 profesa wake alikuwa akipima jinsi viluwiluwi wanavyokua karibu na adui. Katika nusu ya mabeseni waliweka buu la kereng'ende, ambalo hula viluwiluwi, likiwa limefungiwa ndani ya wavu lisimguse yeyote. Ajabu ni kwamba hata kwenye mabeseni yasiyo na adui walijificha, wakaacha kula, wakadumaa.

"Hawa nao wanaogopa nini?" profesa aliuliza.

"Wamenusa harufu ya adui majini, Profesa. Nimewaongezea maji kwa jagi lilelile, natoka kwa adui naenda kwao. Kosa ni langu."

Kazi ya wiki nane ikamwagwa. Siku hiyo aliporudi, alitusikia tukicheka sebuleni. Komeo la geti lilipolia, tukanyamaza, kila mmoja akadaka kitabu. Changu kilikuwa kichwa chini.

"Hivi nisipokuwepo hawa hucheka hivyo?" alimuuliza mama, ambaye si mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Kila siku. Ukigusa geti tu, basi."

Hakula siku hiyo. Jumamosi alipanda basi hadi karakana ya useremala alikofanya kazi kaka. "Mwanangu, nilikutisha mpaka ukadumaa. Nisamehe." Kaka aliendelea kupiga randa. Baba akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, akisimama mlangoni. Jumamosi ya tisa kaka alimsogezea kiti.

Mwaka 2021 Baba alipata kiharusi. Kaka alihamia nyumbani, akamwogesha na kumlisha kwa miaka miwili. Baba alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa, ambao hawakuwahi kumwogopa hata kidogo, na walimsumbua ipasavyo.

Nilitaka kuiacha ile habari ya kaka kuondoka. Yeye ndiye aliyekataa. "Iandike yote," aliniambia. "Watakaokaa pale kusikiliza ni wazazi."

Pumzika, Baba. Tulikupenda.